Thamani ya p ni uwezekano wa nini? Jibu kwa mwanafunzi anayeanza takwimu

Swali la msomaji: "Nipo mwaka wa kwanza chuoni. Katika zoezi la takwimu tulipewa kisanduku kikubwa chenye maelfu ya shanga, tukaambiwa tupime dai kwamba nusu yake ni nyekundu na nusu ni nyeupe. Nilitoa shanga 20, nikapata nyekundu 15. Nilikokotoa thamani ya p ya pande mbili nikapata 0.0414, kisha nikaandika: ‘Uwezekano kwamba nadharia tete sifuri ni kweli ni takriban asilimia 4, kwa hiyo naikataa.’ Mwalimu aliweka alama ya vema kwenye hesabu, lakini sentensi akaikata kwa mstari mwekundu. Kosa langu liko wapi? Tena, kwa nini sura ya uchaguzi wa sampuli hufundishwa kabla ya sura ya upimaji wa nadharia tete, ilhali naona kama ni mambo mawili tofauti?"

Ndugu muulizaji,

Mwalimu wako amefanya haki katika yote mawili, kuipa hesabu alama yake na kuikata sentensi. Hesabu yako ni sahihi hadi tarakimu ya mwisho. Tatizo ni kwamba umekokotoa uwezekano wa kitu kimoja, kisha ukauandika kana kwamba ni uwezekano wa kitu kingine. Hayo maswali yako mawili, kwa maoni yangu, ni swali moja: ukishaona uwezekano ule wa 0.0414 umezaliwa wapi, utajua pia ni uwezekano wa nini, na hapo utaelewa kwa nini haiwezekani kupima nadharia tete, yaani dai kama hilo la nusu kwa nusu, bila kwanza kujua sampuli ilipatikanaje.

Tuanze na kisanduku chenyewe. Uwiano wa shanga nyekundu ndani yake ni jambo lililokwisha kuamuliwa kabla hujaingiza mkono. Wewe huujui, lakini upo, nao haubadiliki unapotikisa kisanduku wala unapofumba macho. Ama ni nusu, ama si nusu. Kinachobadilika ni zile shanga 20 zinazokuja mkononi mwako. Ukizirudisha zote, ukachanganya vizuri na kutoa 20 nyingine, huenda ukapata nyekundu 11. Ukirudia huenda zikawa 8, kisha 12, kisha 10. Uwezekano wote unaotajwa katika upimaji wa nadharia tete wa kawaida, yaani ule unaofundishwa katika kozi ya kwanza, unakaa hapa, katika kubadilikabadilika kwa sampuli kutoka utoaji mmoja hadi mwingine. Kisanduku chenyewe hakibahatishi.

Sasa tazama hesabu yako ilivyojengwa. Ulianza kwa kusema: tuchukulie kwamba nusu ya shanga ni nyekundu. Kwa sharti hilo, na kwa kuwa kisanduku ni kikubwa kiasi kwamba kuondoa shanga chache hakubadilishi uwiano wa zilizobaki kwa kiasi cha kuonekana, kila shanga unayotoa ina uwezekano sawa wa kuwa nyekundu au nyeupe. Mifuatano yote ya rangi inayoweza kutokea katika shanga 20 ni 1,048,576, na kila mmoja una uwezekano sawa na mwenzake. Mifuatano yenye nyekundu 15 kamili ni 15,504. Yenye 16 ni 4,845. Yenye 17 ni 1,140. Yenye 18 ni 190. Yenye 19 ni 20. Na yenye 20 ni mmoja tu. Jumla yake ni 21,700. Kwa kuwa dai linasema "nusu", na nyekundu 5 zingelipinga kwa nguvu ileile ya nyekundu 15, unahesabu pia mifuatano 21,700 ya upande wa pili. Gawanya 43,400 kwa 1,048,576, unapata 0.0414.

Nimeirudia hesabu hii polepole ili uone kwamba hakuna hatua hata moja ambamo tuliuliza kama dai ni kweli. Tulilichukulia kuwa kweli tangu mstari wa kwanza, na tukabaki nalo hadi mwisho. Tulichohesabu ni sampuli: kati ya sampuli zote ambazo kisanduku cha nusu kwa nusu kingeweza kutoa, ni sehemu gani ziko mbali na 10 kwa kiasi kile ulichokipata au zaidi. Hiyo ndiyo thamani ya p. Ni uwezekano wa kupata matokeo kama yako, au yaliyo mbali zaidi na dai kuliko yako, endapo dai ni kweli na endapo sampuli imetolewa kwa nasibu kama tulivyodhani. Maneno "endapo dai ni kweli" ni sehemu ya maana yake, na namba iliyokokotolewa kwa kulichukulia dai kuwa kweli haiwezi wakati huohuo kuwa kipimo cha ukweli wa dai hilo.

(Kabla sijaendelea, neno moja kwa wenzako waliotumia jedwali la mtawanyo wa kawaida, ule wenye umbo la kengele, badala ya kuhesabu mifuatano. Wao wamegawanya 5, yaani tofauti kati ya 15 na 10, kwa mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi idadi ya nyekundu inavyoyumba) wa 2.236, wakapata z, yaani idadi ya mikengeuko sanifu, ya 2.236 na thamani ya p ya 0.025. Wasishangae kuona hailingani na yako. Mtawanyo wa kawaida ni makadirio, na kwa shanga 20 makadirio hayo bado ni dhaifu; wakianza na 14.5 badala ya 15 watapata takriban 0.044, ambayo iko karibu zaidi na hesabu kamili.)

Kosa lako, basi, ni la kugeuza sharti. Mvua inaponyesha, ni karibu hakika kwamba kuna mawingu. Lakini ukiona mawingu huwezi kusema ni karibu hakika kwamba mvua itanyesha. Uwezekano wa mawingu kwa sharti la mvua na uwezekano wa mvua kwa sharti la mawingu ni namba mbili tofauti, na hakuna anayezichanganya akiwa nje anatazama anga. Tunazichanganya tukiwa darasani kwa sababu maneno ya kitakwimu yanaficha sharti. Wewe ulikokotoa uwezekano wa sampuli kwa sharti la nadharia tete, ukaandika uwezekano wa nadharia tete kwa sharti la sampuli.

Huenda utasema: hata kama ni namba tofauti, si zitakuwa zinakaribiana? Hapana, na hili linafaa kuonyeshwa kwa hesabu. Fikiria ghala lenye visanduku 1,000 vinavyofanana kwa nje. Visanduku 900 vina nusu nyekundu, na 100 vina asilimia 70 nyekundu. Kutoka kila kisanduku unatoa shanga 20, na kanuni yako ni kukataa dai la nusu ukipata nyekundu 15 au zaidi, au 5 au pungufu. Katika vile 900 vya nusu, kanuni hii itakukosesha kwa uwezekano wa 0.0414, hivyo utarajie kukataa kimakosa takriban 37. Katika vile 100 vyenye asilimia 70, uwezekano wa kupata 15 au zaidi ni 0.416, hivyo utakataa kwa haki takriban 42. Jumla umekataa visanduku 79, na kati ya hivyo 37 vilikuwa vya nusu kweli. Ni karibu asilimia 47, wala haikaribii 4. Kama ghala lingekuwa na visanduku 500 vya kila aina, ungekataa kimakosa 21 na kwa haki 208, yaani kosa la asilimia 9 ya vilivyokataliwa. Kama visanduku vyenye asilimia 70 vingekuwa 10 tu kati ya 1,000, ungekataa kimakosa 41 na kwa haki 4, na sasa asilimia 91 ya ulivyovikataa vingekuwa havina kosa lolote.

Kanuni ni ileile, sampuli ni za ukubwa uleule, kizingiti cha kukataa ni kilekile, lakini uwezekano kwamba dai lililokataliwa lilikuwa kweli umetoka 9 hadi 91 kwa mia. Kilichoubadilisha ni kitu ambacho thamani ya p haikijui kabisa: muundo wa ghala kabla hujatoa shanga hata moja. Anayetaka kusema "uwezekano kwamba nadharia tete ni kweli" lazima alete taarifa hiyo ya awali, kisha atumie kanuni ya Bayes, inayounganisha taarifa ya awali na data. Ni njia halali, nayo ina wafuasi wengi, lakini ni hesabu nyingine. Mwaka 2016 Chama cha Takwimu cha Marekani kilitoa tamko rasmi kuhusu matumizi ya thamani ya p, na miongoni mwa mambo lililoyasema waziwazi ni hili: thamani ya p haipimi uwezekano kwamba nadharia tete inayochunguzwa ni kweli. Kama chama cha wanatakwimu kiliona haja ya kulitangazia hilo watafiti wenye uzoefu, wewe wa mwaka wa kwanza usione aibu kulikosea.

Sasa niingie katika swali lako la pili, ambalo naliona lina uzito zaidi. Umeuliza kwa nini sampuli hufundishwa kwanza. Nitakuonyesha kwa kuacha matokeo yako kama yalivyo, nyekundu 15 kati ya 20, na kubadilisha tu namna yalivyopatikana.

Chukulia kwamba kisanduku hakikuwa na maelfu ya shanga. Kilikuwa na shanga 40 tu, na dai ni kwamba 20 kati yake ni nyekundu. Umetoa 20 bila kurudisha. Sasa kila nyekundu unayoitoa inapunguza nyekundu zilizobaki, kwa hiyo utoaji mmoja unauathiri unaofuata, na matokeo yaliyo mbali na 10 yanakuwa adimu zaidi. Njia za kuchagua shanga 20 kati ya 40 ni zaidi ya bilioni 137, na ukihesabu zile zenye nyekundu 15 au zaidi pamoja na zile zenye 5 au pungufu, thamani ya p inashuka hadi takriban 0.004. Shanga zilizo mkononi ni zilezile, lakini ushahidi dhidi ya dai umekuwa mkali mara kumi.

Chukulia tena kisanduku kikubwa cha mwanzo, lakini mpango wako haukuwa kutoa shanga 20. Uliamua kutoa moja moja hadi upate nyeupe ya tano, kisha usimame. Nyeupe ya tano ikatokea kwenye utoaji wa ishirini, kwa hiyo una nyekundu 15 na nyeupe 5 kama kwanza. Kwa mpango huu, kupata matokeo kama yako au makali zaidi kwa upande wa nyekundu maana yake ni kwamba katika utoaji 19 wa kwanza nyeupe hazikuzidi 4. Mifuatano ya namna hiyo ni 5,036 kati ya 524,288, sawa na 0.0096. Katika mpango wako wa awali, hesabu ya upande huohuo mmoja ilikuwa 0.0207. Namba imepungua kwa zaidi ya nusu kwa sababu tu ya uamuzi uliofanyika kichwani mwako kabla ya kuanza. Wapo wanatakwimu wanaoliona jambo hili kuwa udhaifu wa msingi wa thamani ya p, na hoja yao si ya kupuuzwa. Mimi nalitazama kwanza kama fundisho: thamani ya p ni maelezo ya utaratibu mzima, yaani ya sampuli uliyoipata pamoja na zile ambazo ungeweza kuzipata. Asiyeweza kusema ni sampuli zipi zingeweza kutokea hawezi kuikokotoa. Ndiyo maana mtafiti anayeendelea kukusanya data, akichungulia kila siku na kusimama siku ambayo p imeshuka chini ya 0.05, kizingiti kilichozoeleka cha kukataa dai, anaripoti namba isiyo na maana ile anayodai inayo.

Hali ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote. Chukulia kwamba hukuchanganya. Aliyejaza kisanduku alimimina nyeupe nyingi kwanza kisha nyekundu nyingi juu, nawe ukachukua 20 za juu kwa kuwa ndizo zilizokuwa karibu. Hapa hakuna thamani ya p ya aina yoyote. Kikokotoo kitakupa 0.0414 ukikiomba, kwa sababu hakijui ulifanya nini, lakini namba hiyo haihusiani na chochote kilichotokea. Kupata nyekundu 15 kulitegemea tabaka la juu lilivyopangwa, na hesabu ya mifuatano 1,048,576 yenye uwezekano sawa haina nafasi pale ambapo mifuatano haikuwa na uwezekano sawa.

Hapo ndipo maana ya sampuli ya kiuwezekano inapojidhihirisha. Sampuli inaitwa ya kiuwezekano pale ambapo kila mmoja katika kundi lengwa ana uwezekano unaojulikana, usio sifuri, wa kuchaguliwa. Uwezekano huo si lazima uwe sawa kwa wote. Katika sampuli nasibu rahisi ni sawa. Katika sampuli ya matabaka unaweza kuamua kwa makusudi kuchukua wengi zaidi kutoka tabaka dogo, kisha ukarekebisha kwa mizani, yaani kupunguza uzito wa waliochukuliwa kwa wingi, wakati wa kukokotoa. Katika sampuli ya vishada unachagua kwanza makundi, halafu watu ndani ya makundi. Kinachoziunganisha zote ni kwamba bahati imetiwa na mtafiti mwenyewe, kwa kiasi anachokijua, na kwa hiyo anaweza kuihesabu baadaye. Sampuli ya urahisi, ile ya kuwahoji waliopo karibu au waliojitolea, ina bahati ambayo hakuna aliyeipima.

Mfano wa kihistoria unaotajwa zaidi kuhusu jambo hili unastahili kutajwa tena. Mwaka 1936 nchini Marekani, jarida la Literary Digest lilituma karatasi za maoni zipatazo milioni 10 kuuliza watu wangempigia nani kura ya urais, likarudishiwa zaidi ya milioni 2. Kwa msingi huo lilitangaza kwamba Alf Landon angemshinda Franklin Roosevelt. Ukiingiza milioni 2 katika kanuni ya kosa sanifu, yaani kipimo cha jinsi makadirio yanavyoyumba kutoka sampuli hadi sampuli, unapata kosa lisilofika hata sehemu moja ya kumi ya asilimia moja. Roosevelt alipata takriban asilimia 61 ya kura na kushinda majimbo 46 kati ya 48. Majina ya waliotumiwa karatasi yalitoka kwa sehemu kubwa kwenye vitabu vya namba za simu na orodha za wenye magari, katika miaka ya dhiki kuu ya uchumi ambapo wengi wa wafuasi wa Roosevelt hawakuwa na simu wala gari. Na juu ya hayo, waliojibu hawakuwa na mtazamo sawa na wasiojibu. Mpima maoni George Gallup, kwa sampuli ndogo mno kuliko ile, alitabiri mshindi kwa usahihi. Lakini Gallup naye wakati huo alitumia sampuli ya mgawo, ambamo wahojaji walipewa idadi ya watu wa kila aina na kuachiwa wachague wenyewe nani wa kuhoji, na mwaka 1948 yeye na wenzake walitabiri kwamba Thomas Dewey angemshinda Harry Truman katika uchaguzi wa urais, ikawa kinyume. Ukubwa wa sampuli hupunguza kuyumba kunakotokana na bahati. Kosa la uteuzi huliacha lilivyo.

Unaweza kuuliza: je, jaribio la maabara au la shambani, ambamo hakuna kundi lililochotwa sampuli, linapata wapi uwezekano wake? Mwanatakwimu Ronald Fisher alilijibu hili mwaka 1935 kwa mfano wa mwanamke aliyedai kwamba akionja chai anaweza kujua kama maziwa yametangulia kikombeni au chai ndiyo iliyotangulia. Fisher alieleza jaribio la vikombe 8, vinne vya kila aina, vinavyopangwa kwa nasibu, na mwonjaji akijua kwamba ni vinne kwa vinne. Njia za kuchagua vikombe vinne kati ya vinane ni 70, na moja tu ndiyo iliyo sahihi yote. Kama hana uwezo wowote, kupatia vyote ni bahati ya 1 kati ya 70, karibu 0.014. Hakuna aliyechota sampuli kutoka mahali popote, lakini vikombe vilipangwa kwa nasibu, na ile 70 imetokana na mpangilio huo. Kama mpishi angepanga vikombe apendavyo, tusingejua kama mwonjaji anatambua chai au anatambua mazoea ya mpishi. Mahali pa sampuli nasibu pamechukuliwa na ugawaji nasibu, na kazi inayofanywa ni ileile: kutupa orodha ya mambo ambayo yangeweza kutokea, kila moja na uwezekano wake.

Kuhusu kizingiti cha 0.05 nitasema kwa ufupi, kwa kuwa watu wamekipa utukufu kisioustahili. Katika kitabu chake cha mwaka 1925 Fisher alikitaja kama mpaka unaofaa kwa matumizi, na kikashika. Hakuna kanuni ya hisabati inayokileta. Shanga yako moja inatosha kuonyesha hivyo: ungepata nyekundu 14 badala ya 15, thamani ya p ingekuwa 0.115, na hapangekuwa na namba yoyote katikati, maana shanga hazitoki nusu.

Linalostahili muda zaidi ni upande ambao maandishi yako hayakuugusa kabisa. Wanatakwimu Jerzy Neyman na Egon Pearson, katika kazi yao iliyofikia kilele mwaka 1933, walisisitiza kwamba kuna makosa mawili. La aina ya kwanza ni kukataa dai lililo kweli, nalo ndilo linalodhibitiwa na kizingiti. La aina ya pili ni kushindwa kukataa dai lisilo kweli. Rudi kwenye ghala letu: kati ya visanduku 100 vyenye asilimia 70 nyekundu tulivikamata 42 tu, na 58 vilipita kana kwamba ni vya nusu. Tunasema nguvu ya jaribio, yaani uwezo wake wa kugundua tofauti iliyopo, ni 0.416. Kwa hiyo kama mwenzako alitoa 20 kutoka kisanduku hichohicho akapata 13, kisha akaandika "nimethibitisha kwamba nusu ni nyekundu", mwambie kwa upole kwamba sentensi yake ni mbovu kuliko yako. Jaribio ambalo linashindwa kuona tofauti kubwa ya 50 na 70 zaidi ya nusu ya nyakati haliwezi kuthibitisha kutokuwepo kwa tofauti. Kwa shanga 50, ukikataa ukipata 33 au zaidi ama 17 au pungufu, nguvu inapanda hadi 0.78; kwa shanga 100, ukikataa ukipata 61 au zaidi ama 39 au pungufu, inafika karibu 0.98. Hesabu hii hufanywa kabla ya kutoa shanga ya kwanza, nami nasikitika kwamba katika kozi nyingi huachwa kwa wiki ya mwisho, wakati wanafunzi wameshachoka.

Tahadhari moja imebaki, kwa kuwa sentensi yako ilimalizia na "naikataa" na huenda utaulizwa: umeikataa, sasa umejua nini? Mwaka 1710 John Arbuthnot, tabibu wa Malkia Anne wa Uingereza, alichapisha uchunguzi wa kumbukumbu za ubatizo za London kwa miaka 82 mfululizo, kuanzia 1629. Katika kila mwaka wavulana walikuwa wengi kuliko wasichana. Akasema: kama kila mwaka ungekuwa na bahati sawa ya kuangukia upande wowote, uwezekano wa jambo hili ungekuwa nusu iliyozidishwa kwa yenyewe mara 82, namba ndogo isiyofikirika. Huo ni upimaji wa nadharia tete, miaka 200 na zaidi kabla ya Fisher, na hesabu yake ilikuwa na mantiki. Kisha akahitimisha kwamba amepata hoja ya kuwepo kwa mkono wa Mungu. Wenye imani na waamini wanavyotaka, lakini hilo halikutoka kwenye hesabu. Hesabu iliondoa maelezo moja tu, lile la bahati sawa. Matokeo yale yanaelezeka vilevile na dai la kawaida kabisa kwamba huzaliwa takriban wavulana 105 kwa kila wasichana 100, jambo ambalo leo tunajua ndilo lilivyo. Nawe pia, matokeo yako yanaelekeza kwamba nusu hailingani vizuri na data. Hayasemi kwamba kisanduku kina robo tatu nyekundu, wala kwamba aliyekijaza alidanganya, wala hata kwamba tatizo liko kwenye kisanduku na haliko kwenye namna ulivyochanganya.

Ningeiandika upya sentensi yako hivi: "Kama nusu ya shanga zote ni nyekundu, na kama shanga 20 zilitolewa kwa nasibu kwa idadi iliyoamuliwa kabla, uwezekano wa kupata matokeo yaliyo mbali na 10 kwa kiasi cha 5 au zaidi ni 0.0414; kwa kuwa uko chini ya kizingiti cha 0.05 nilichokiweka kabla ya kuanza, nakataa dai la nusu." Ni ndefu kuliko yako, lakini kila kipande chake kinabeba sharti ambalo likiondolewa namba inabadilika au inapoteza maana. Kabla ya kuipeleka kwa mwalimu, jiulize kama kweli ulichanganya shanga hadi chini, kama 20 ilikuwa idadi uliyoipanga au ndiyo uliyoishia, na kama kizingiti ulikiweka kabla ya kuona rangi. Kama jibu la mojawapo ni hapana, liandike hilo chini ya jedwali lako, hata kama hakuna aliyekuuliza.